MAHALI PA KUKOSEA BILA KUUA MTU



Juma lililopita, saa ya etide ya jioni, kulikuwa mabishano makali kwa internati ya wavulana. Ilianza hivi: ndege ilipita juu ya paa, na ndugu mmoja wa mwaka wa tatu akasema: «Mimi nikimaliza masomo nitakuwa piloti.» Mwingine akamjibu: «Utakuwa piloti namna gani? Avio ya kujifundishia utaitosha wapi? Siku ya kwanza tu utaangusha batu!» Wote wakacheka. Lakini kaka mmoja wa mwaka wa sita, ambaye mjomba wake ni makanika wa ndege, akasema: «Munajidanganya. Piloti wa avio kubwa hajifundishi mu avio. Anajifundisha mu nyumba, ndani ya mashini yenye haiendake fasi yoyote.» Hapo kelele ikazidi, mpaka surveyan akaja kuzima taa mbele ya saa.

Sisi wa kamati ya gazeti tulitafuta, tukasoma, tukauliza. Tunawaambia wazi: yule wa mwaka wa sita alikuwa na haki. Lakini hatuandiki kwa kumaliza mabishano tu. Tunaandika kwa sababu tuliona katika mashini ile jambo ambalo linatugusa sisi sote, hata yule ambaye hatapanda ndege hata siku moja. Jambo lenyewe ni hili: kila mtu anahitaji mahali pa kukosea ambapo kosa lake haliui mtu. Na mahali pale panapaswa kuwa na ukweli, tena pasiwe na kicheko.

MASHINI YENYEWE NI NINI?

Mashini hii inaitwa simulateri, maana yake kitu kinachoiga kitu kingine. Ukiitazama kwa inje haifanani na ndege hata kidogo. Ni sanduku kubwa, kubwa kama nyumba ndogo, limesimama juu ya miguu sita ya chuma. Haina mabawa, haina moteri, haina mkia. Lakini fungua mlango uingie: utakuta kabina ya marubani sawasawa na ile ya ndege ya kweli. Viti ni vile vile, usukani ni ule ule, kila taa na kila kifungo kiko mahali pake. Mbele ya vioo unaona kiwanja cha ndege, unaona milima, mvua na ukungu. Masikio yanasikia moteri na magurudumu. Na nyuma ya marubani wawili anakaa mwalimu, pamoja na kompyuta yake.

Miguu ile sita inarefuka na kufupika, basi sanduku linaweza kupanda, kushuka, kwenda kando, kuinama na kugeuka. Sasa wale wanaopenda fizika watauliza: ndege inapoondoka inamsukuma mtu kwenye mgongo wa kiti kwa muda mrefu, na sanduku haliwezi kukimbia mbele kupita urefu wa miguu yake. Wanafanya namna gani? Jibu linapendeza. Wanainua pua ya sanduku polepole, mpaka uzito wa mwili wako wewe mwenyewe unakukandamiza nyuma. Macho yanaona barabara ya ndege inakimbia, mgongo unasikia kusukumwa, na akili inaamini. Watu waliotoka humo wanasema kwamba jasho lao lilikuwa jasho la kweli.

Mashini hizi ziko na daraja, toka A mpaka D. Ile ya daraja la D inaiga ndege vizuri sana, mpaka rubani mwenye uzoefu anayehamia aina mpya ya ndege anaweza kujifunza yote humo. Siku yake ya kwanza kushika ndege yenyewe, abiria wamekwisha kukaa nyuma yake, na rubani mwalimu yuko kando. Mashini moja ya namna hiyo inaweza kupita dolari milioni 10, njo maana haipumziki: inafanya kazi usiku na mchana. Na msifikiri ni ya wanafunzi tu. Hata rubani mwenye mvi, wa miaka 20 ya kazi, anarudi humo kufanya mazoezi na kupimwa, kwa desturi kila miezi 6.

KINANDA KILICHOZAA MASHINI

Watu waliona tangu zamani kwamba kujifunza kuruka kwa kuruka ni hatari. Karibu na mwaka 1910, Wafaransa wa kampuni ya Antoinette walikata pipa la mbao, wakaweka nusu moja juu ya nyingine, mwanafunzi akakaa juu, na wenzake wakalitikisa kwa mikono. Yeye alipaswa kulirudisha sawa kwa usukani. Leo tunacheka, lakini wazo lilikuwa zuri.

Aliyeleta mashini ya kweli ni Edwin Link wa Binghamton, kule New York, Marekani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vikubwa. Mwaka 1920 kijana Link alilipa dolari 50 kwa somo lake la kwanza la kuruka, feza nyingi sana kwa wakati ule, na mwalimu hakumwacha hata kugusa usukani. Alipokuwa mtu mzima akafikiri: hapana njia ya kujifunza kwa feza kidogo, chini, bila hatari? Akachukua vitu alivyovijua tangu utoto wake, mivukuto na mabomba ya hewa ya kinanda, akatengeneza kindege cha mbao ambacho kinainama na kugeuka kwa nguvu za hewa. Ninyi mnaopiga kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu, mnajua mivukuto ni nini. Pumzi ile inayoimbisha kinanda njo iliyoinua ndege ya kwanza isiyoruka. Ilikuwa mwaka 1929.

Je, watu walimpokea kwa furaha? Hapana. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya michezo. Marubani walisema kwamba ni kitu cha watoto. Mpaka mwaka 1934, wakati serikali ya Marekani ilipoamuru marubani wa jeshi wabebe barua za posta. Walipaswa kuruka usiku, katika theluji na ukungu, na hawakuzoea kuongoza ndege kwa kutazama vipimo peke yake. Katika majuma machache marubani zaidi ya 10 walikufa. Wakubwa wa jeshi wakamwita Link, wakamngoja kwa kiwanja cha Newark. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, wakasema hatafika leo, wakataka kwenda zao. Mara wakasikia moteri, na Link akatokea katika ukungu, akatua. Alikuwa amejizoeza ndani ya mashini yake. Jeshi likanunua mashini 6, kila moja dolari 3.500. Katika vita ya pili ya dunia, watu zaidi ya nusu milioni walifundishwa na mashini za Link.

Tuone hapa kitu kimoja: mashini ilikuwa tayari tangu 1929. Iliyokosekana ni watu kukubali. Walikubali nyuma ya kuzika.

KWA NINI TUSIJIFUNZE NDANI YA NDEGE YENYEWE?

Wengine watasema: kitu cha kweli kinafundisha zaidi kuliko cha kuiga. Si saa zote. Kuna mambo ambayo rubani anapaswa kuyajua, na ambayo hatupaswi kumwonyesha katika ndege ya kweli. Kwa mfano, moteri moja kufa wakati ndege inakimbia chini na iko karibu kuinuka. Kuna mwendo fulani ambao mbele yake unaweza kufunga breki, na nyuma yake lazima uende juu hata kama moteri imekufa, sababu barabara haitoshi tena kwa kusimama. Rubani hana nafasi ya kufungua kitabu. Mikono na miguu inapaswa kujua tayari.

Zamani walikuwa wakizoeza jambo hili katika ndege yenyewe. Mwalimu alirudisha nguvu ya moteri makusudi. Tarehe 30 Machi 1967, huko New Orleans, Marekani, ndege kubwa ya aina ya DC-8 ilikuwa katika mazoezi ya namna hiyo usiku. Haikuwa na abiria hata mmoja. Ikaanguka juu ya nyumba na hoteli karibu na kiwanja. Walikufa watu 19: 6 waliokuwa ndani na 13 waliokuwa chini. Kati ya wale wa chini kulikuwa wasichana 9 wa shule ya sekondari ya kijiji kimoja cha Wisconsin, waliokuwa katika safari ya darasa lao, wamelala hotelini. Walikuwa wa umri wetu. Hawakujifunza urubani, hawakumkosea mtu.

Katika simulateri mwalimu anabonyeza kidole, moteri inawaka moto. Anabonyeza tena, upepo mkali unaipiga ndege chini karibu na barabara. Rubani akikosea, sanduku linatikisika, vioo vinakuwa vyekundu au picha inasimama, basi. Mwalimu anasema: «Turudie.» Hakuna mjane, hakuna yatima. Wanarudia mara mbili, mara tano. Kisha wanatoka, wanakaa kwa meza, na hapo njo kazi kubwa inaanza: kuzungumza juu ya kile kilichopita. Mwalimu mzuri haanzi na orodha ya makosa. Anauliza kwanza: «Ninyi wenyewe mliona nini?»

ALIYEJIZOEZA KITU AMBACHO HAKUNA MTU ALIMWOMBA

Tarehe 12 Agosti 1985 ndege ya Japani aina ya Boeing 747 ilipoteza mafuta yote yanayosukuma usukani wake. Marubani walipigana karibu nusu saa kwa nguvu za moteri tu, lakini ikapiga mlima. Kati ya watu 524, walipona 4. Mwalimu mmoja wa marubani wa Marekani, Denny Fitch, alisikia habari ile na hakulala nayo tu. Aliingia katika simulateri akajaribu: kama usukani umekufa kabisa, je, mtu anaweza kuongoza ndege kwa kuongeza moteri ya kuume na kupunguza ya kushoto? Hakuna mtihani uliodai hivyo. Watu walidhani kwamba ajali ya namna ile haiwezi kutokea tena.

Tarehe 19 Julai 1989 Fitch alikuwa abiria wa kawaida katika ndege ya DC-10. Moteri ya mkia ikapasuka, vipande vikakata mabomba yote. Usukani ukafa. Fitch akajitambulisha kwa mhudumu, akaenda mbele. Rubani mkubwa, Al Haynes, hakusema «Mimi njo mkubwa hapa, rudi kwa kiti chako». Alimkaribisha. Fitch akapiga magoti kati ya viti, akashika mikono ya moteri mbili, na wote wakaipeleka ndege mpaka kiwanja cha Sioux City. Ilivunjika na kuwaka ilipogusa chini. Watu 112 walikufa, lakini 184 wakapona, na wale wote walipaswa kufa. Kisha walijaribu safari ile katika simulateri na marubani wengine, na ikaonekana kwamba kutua salama katika hali ile ni jambo ambalo haliwezi kufundishwa vizuri. Kwa hiyo hatusemi kwamba mashini inampa mtu majibu yote. Tunasema kwamba mtu aliyekwisha kushindana na shida ya kuigwa, shida ya kweli haimkuti mikono mitupu.

MASHINI PIA INAWEZA KUSEMA UONGO

Hatutaki kuisifu mashini kupita kiasi. Tarehe 27 Machi 1977, kwa kiwanja cha Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za 747 ziligongana chini, katika ukungu. Walikufa watu 583. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko ile, kama tunahesabu ajali peke yake. Ndege ya Kiholanzi ilianza kukimbia bila kupewa ruhusa, na ile ya Kiamerika ilikuwa bado barabarani. Rubani mkubwa wa ile ya Kiholanzi hakuwa mtu mjinga. Alikuwa mkubwa wa waalimu wa 747 katika kampuni yake. Miaka mingi alikuwa akifundisha ndani ya simulateri. Na wachunguzi walionyesha jambo la kushangaza: ndani ya mashini, watu huanza safari mara nyingi bila kungoja ruhusa ya mnara, sababu mnara haupo. Mwalimu mwenyewe njo mnara. Mtu akizoea hivyo, mashini imemfundisha uongo mdogo, na uongo mdogo ukakutana na ukungu mkubwa.

Lakini kuna la pili. Ndani ya kabina ile, makanika aliuliza kama ndege nyingine imekwisha kutoka barabarani. Mkubwa akajibu kwa nguvu kwamba imetoka. Wadogo wakanyamaza. Nani atambishia mwalimu wa waalimu?

Nyuma ya ajali ile na zingine, makampuni yalibadilisha masomo. Walitambua kwamba si mikono tu inapaswa kuzoezwa katika simulateri, mdomo pia. Tangu miaka ya 1980 wanazoeza safari nzima, toka mwanzo mpaka mwisho, na shida zinaingia polepole, kwa kuona kama mdogo anasema kile anachokiona, na kama mkubwa anasikiliza. Mdogo akinyamaza, amekosea, hata kama alishika usukani vizuri. Mkubwa akimzibisha mdogo, amekosea naye.

WALIPOTAKA KUKATA FEZA YA MAZOEZI

Tunafika kwa habari ambayo ilituuma zaidi. Kampuni ya Boeing ilitengeneza ndege mpya, 737 MAX. Ilitaka kuwaambia wanunuzi: marubani wenu wa 737 ya zamani hawatahitaji simulateri kwa kuhamia hii mpya, somo fupi kwenye kompyuta ya mkononi litatosha. Ilikuwa sababu nzuri ya biashara, maana saa za simulateri ni feza. Kwa kampuni moja ya Marekani Boeing iliahidi kupunguza dolari milioni 1 kwa kila ndege, kama siku moja simulateri ingekuwa lazima. Na ndani ya ndege ile mpya kulikuwa chombo ambacho kinaweza kushusha pua ya ndege chenyewe, kwa kufuata kipimo kimoja tu. Katika vitabu vya marubani hakikuelezwa.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya namna ile ikaanguka Indonesia, watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Dakika 6 tu ikaanguka, watu 157, na kati yao Wakenya 32. Kipimo kibaya kilikidanganya chombo, chombo kikasukuma pua chini, tena na tena. Marubani walikata umeme wa chombo, wakajaribu kurudisha ndege kwa gurudumu la mkono, likawa gumu mno. Kisha, mwezi wa tano 2019, Boeing ilikubali kwamba hata simulateri za ndege ile hazikuiga vizuri ugumu wa gurudumu lile. Mnaona? Mazoezi walikata, na mashini yenyewe haikusema ukweli wote.

Tuwe wa haki: kosa la kwanza lilikuwa katika ndege, si katika marubani. Mazoezi hayaponyi chuma kilichotengenezwa vibaya. Lakini mwezi wa kwanza 2020 Boeing yenyewe ilishauri kwamba kila rubani wa MAX apite katika simulateri, na ndege iliporuhusiwa kuruka tena Marekani, mwezi wa 11 mwaka ule, ikawa sheria. Kile kilichoitwa gharama isiyo na lazima kilikuwa lazima nyuma ya makaburi 346. Tumerudi kwa habari ya mwaka 1934: wanakubali nyuma ya kuzika.

Sisi watu wa Congo tunaweza kusema hayo ni mambo ya mbali? Inchi yetu ni kubwa, na barabara tunazijua. Mtu wa Lubumbashi au wa Kisangani anayetaka kufika Kinshasa upesi atapanda ndege tu, na kwa vijiji vingi mgonjwa anaokolewa na kandege ka misioni. Watu wa Goma hawajasahau tarehe 15 Aprili 2008, wala tarehe 24 Novemba 2019. Siku hizo ndege zilianguka ndani ya mji, na walikufa hata watu ambao hawakuwa na tiketi. Sababu za ajali ni nyingi, na hatusemi kwamba simulateri ingezuia hizo. Tunasema tu: rubani anayetubeba ana haki ya kupata mahali pa kukosea mbele ya kutupandisha. Mahali hapo hapako mbali kama watu wanavyodhani. Shule ya marubani ya Addis Ababa iko na simulateri za aina nyingi za ndege, na inapokea wanafunzi wa inchi zingine za Afrika. Anayekata feza ya mazoezi hakati feza yake, anakata maisha yetu.

NA SISI HAPA SHULENI?

Sasa tusiwahukumu Boeing peke yao. Tujitazame.

Wenzetu wa pedagojia wanajua somo la mazoezi. Mwanafunzi anasimama kufundisha mbele ya darasa, wenzake na mwalimu wanakaa nyuma na daftari, na kisha inakuja kritiki. Hiyo njo simulateri yetu! Haikugharimu dolari hata moja. Lakini tunaitumia namna gani? Mwaka jana dada mmoja alikosea kugawa sehemu kwenye ubao. Kosa dogo, kila mtu amewahi kulifanya. Darasa lote likacheka. Saa ya kritiki kila mtu akasimama na orodha yake ya makosa, kama watu wanaogawana nyama. Sisi tunaoandika haya tulikuwa pale, na tulicheka nasi. Tangu siku ile, kila inapofika zamu yake ya kufundisha, dada yule anashikwa na malaria. Sote tunajua malaria hiyo ni ya namna gani. Mwaka ujao atasimama mbele ya watoto wa kweli, na makosa aliyoogopa kuyafanya mbele yetu atayafanya mbele yao.

Kuna jambo lingine la kukumbuka mbele ya kumcheka mwenzako. Tarehe 15 Januari 2009 ndege wa angani waliziua moteri zote mbili za Airbus moja ya New York. Rubani Sullenberger akatua juu ya mto Hudson, watu wote 155 wakapona. Wachunguzi walijaribu katika simulateri kama angeweza kurudi kwa kiwanja. Marubani waliogeuka mara moja, kwa sababu walijua tayari kitakachotokea, wengine waliweza. Lakini walipoongeza sekunde 35, muda wa mtu kushangaa, kutazama na kufikiri, ndege haikufika. Wewe uliyekaa nyuma na daftari unajua jibu tayari. Mwenzako kwenye ubao hajapewa sekunde zake 35.

Basi tunaleta maombi matatu, kwa heshima, kwa Bwana Prefe, kwa waalimu wetu na kwa wanafunzi wenzetu.

La kwanza: saa ya kritiki, aliyefundisha aseme kwanza yeye mwenyewe nini kilikwenda vizuri na nini kilimshinda. Kisha sisi tuseme. Na anayecheka atoke inje.

La pili: kabati ya kemia ifunguliwe, hata mara moja kwa mwezi. Tunajua chupa ni za bei, na tunajua kwamba zingine zitavunjika. Lakini tumefika mwaka wa tano na tunachora chupa kwa kalamu. Chupa iliyofungiwa haivunjiki, wala haifundishi. Hii pia ni kukata feza ya mazoezi.

La tatu: miezi miwili mbele ya mtihani wa Serikali, tufanyishwe mtihani wa mazoezi wenye saa za kweli, ukimya wa kweli na ugumu wa kweli, lakini bila pointi. Mashini isitudanganye. Mtihani wa mazoezi ambao maswali yake yamekwisha kutembea kwa internati tangu jana yake ni kama ile barabara isiyokuwa na mnara. Unatuzoeza uongo. Na humo darasani, mwanafunzi akiona kosa kwenye ubao, aruhusiwe kuinua mkono na kusema: «Samahani mwalimu, ile namba ya pili.» Si kukosa heshima. Makanika wa Tenerife alikuwa na heshima. Kuuliza si ujinga, na kunyamaza si adabu kila wakati.

Tumekwisha kusikia jibu la wengine: «Mtoto akizoea kukosea bila azabu, atakuwa mvivu.» Tunajibu hivi. Simulateri si mahali pa kubembelezana. Siku ya mazoezi rubani anakosea na anarudia. Lakini siku ya kupimwa, akishindwa, haruhusiwi kubeba abiria mpaka ajifunze tena na apimwe tena, hata kama ni mkubwa namna gani. Mazoezi bila haya, mtihani bila huruma: viwili hivi vinakwenda pamoja. Sisi hapa tunafanya kinyume. Tunamwaibisha mtu siku ya mazoezi, na siku ya mtihani tunamtafutia njia ya kupita.

Ndugu wa mwaka wa tatu aliyesema kwamba atakuwa piloti, tunakuomba radhi kwa kicheko chetu. Safari yako ni ndefu: hesabu, fizika, Kiingereza, na feza ambayo sisi hatuna. Lakini swali lile la wenzako, «avio ya kujifundishia utaitosha wapi?», liko na jibu. Ni sanduku lenye miguu sita, lisilokwenda popote, na ndani yake watu wanaanguka kila siku na kurudi nyumbani kula.

Anayepinga maneno yetu atuandikie. Nafasi iko katika gazeti ya mwezi ujao. Na dada yetu wa malaria, kama unasoma: zamu yako ni siku ya tatu. Tutakuwa pale nyuma, na tutanyamaza.

Kamati ya gazeti